Kasa Aliyepanda Asishuke

Jumatatu, 3 Machi

Habari imetoka. Halmashauri na Mfuko wa Pwani Wazi wameweka fedha pamoja. Itajengwa njia ya mbao kutoka barabarani mpaka ufukoni, ya watu wote: wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, wenye watoto mgongoni. Njia moja tu!

Upande wetu una vibanda viwili. Changu, cha chai, soda na matairi ya kuogelea. Na cha Shemeji, kaka wa mke wangu, cha kukodisha viti na miavuli. Katikati ni vilima vya mchanga na miiba. Njia ikishukia kwake, mimi nimekwisha. Mteja gani ataacha ubao laini aje kuchomwa miguu kwa ajili ya chai yangu?

Sharti: fedha za umma hazipewi mtu mmoja. Zinapewa ubia. Watu watatu au zaidi, watoe nguvu zao, watunze ufuko, wauache wazi kwa kila mtu. Mke wangu akasema basi si jambo gumu, niungane na kaka yake, tupeleke ombi moja. Nimemwambia nitaungana na kaka yake siku nitakapoota mkia.

Huyu ndiye aliyesimama kwenye harusi yangu, mbele ya wageni, akasema dada yake alikuwa na nafasi ya kusubiri kidogo. Watu walicheka. Miaka kumi na tisa sasa. Sijasahau hata neno.

Jumanne, 4 Machi

Ubia wangu umeundwa! Wabia: mimi, Shangazi, Kinyozi. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Shangazi, ambaye ndiye mpishi wa kibanda, aliuliza kazi yake itakuwa nini. Nikamwambia kazi yake ni kuwa mwananchi. Akauliza wananchi wanalipwa posho ya kikao au hawalipwi. Nikahamia ajenda nyingine.

Kinyozi amekubali kwa sharti kwamba njia ikifika, kiti chake cha kunyolea kikae mwisho wa ubao. Nikakubali. Ningemkubalia hata akitaka kiti kikae baharini.

Shemeji naye kaunda wake. Amemchukua mwalimu wa kuogelea na akina mama wa kwaya, kumi na wawili kwa mpigo. Tena amepanda mimea ya kutambaa kwenye vilima, safu kwa safu, na amesimamisha bango: TUTUNZE PWANI YETU. Chini yake, picha yake mwenyewe! Pwani gani yenye kidevu kile?

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano kwenye ukumbi wa halmashauri. Viti vya plastiki, maji ya chupa, feni inayozunguka ikipenda. Afisa wa Ufuko, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na sauti ya mwalimu wa hesabu, alieleza kila kitu. Njia itapelekwa upande ambao una kitu cha kuhifadhi na una watu wa kukihifadhi. Kesho asubuhi anakuja na kamati kukagua.

Mtu mmoja akauliza kitu kama nini. Afisa akasema kwa mfano kasa. Zamani walikuwa wakipanda kutoka baharini kutaga mayai kwenye mchanga wetu huu. Sasa hawaonekani tena. Upande atakaorudi kasa ndio utakaopata njia, hilo halina mjadala.

Hapo kichwa changu kikawaka. Yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Alisema jambo kuhusu mipira ya mezani, na jambo jingine kuhusu mtu wa kukaa miezi miwili bila kubanduka. Sikuelewa michezo inaingiaje hapo. Shemeji alikuwa na kalamu sikioni, anaitikia kwa kichwa kila neno. Andika, ndugu yangu, andika! Mimi nina akili.

Ijumaa, 7 Machi, alfajiri

Imefanyika.

Vifaa: beseni la kufulia la Shangazi, lile kubwa, limejazwa mawe na kufungwa kamba kiunoni mwangu. Ndara zangu, nimezivaa mikononi. Beseni ndilo tumbo la kasa. Ndara ndizo mapezi. Nimetambaa kutoka kwenye maji mpaka ngazi ya kibanda changu, kwa magoti, kwa viwiko, na kipande cha mwisho kwa matusi. Mchanga umeingia mahali ambapo sitapataja. Kaa mmoja alinisindikiza kwa muda mrefu, kisha akakata tamaa.

Alama za magoti yangu? Hakuna! Beseni lilikuwa nyuma yangu likizifuta. Sasa utaniambia nani mwenye kichwa na nani mwenye kidevu.

Nilipofika kwenye ngazi mgongo uligoma. Nikajivuta mpaka ndani, nikajibwaga sakafuni. Hapo nilipo naandika nimelala chali. Jua linachomoza. Alama zinaonekana safi kutoka dirishani. Zinapendeza jamani!

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Kalamu imetoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa woga. Ieleweke.

Walikuja asubuhi: Afisa, Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu mnene anayevaa suti ufukoni, na askari wa ufuko. Shemeji nyuma yao, bila kualikwa. Afisa aliona alama akaweka mkono mdomoni. Akapiga magoti. Akapima kwa futi, akapiga picha, akapima tena. Macho yake yalilowa. Alisema hajaona hii tangu aanze kazi hapa. Shemeji uso ulimpoa kama chai iliyosahaulika. Nilikunja mikono kifuani. Furaha niliyoipata pale haielezeki.

Afisa akafuata alama mpaka kwenye ngazi yangu. Akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akarudi mpaka baharini, akaja tena. Kisha akaniuliza, polepole, huyu kasa amepanda, ameshukia wapi?

Ameshukia wapi!

Nani alijua kwamba kasa hurudi nyumbani? Mimi nilifikiri kazi ni kufika. Nikasema labda bado anapumzika. Mdomo wangu huu, ningekuwa na uwezo ningeufungia kabatini. Afisa akauliza anapumzika wapi. Macho yote yakahamia kwenye mlango wangu.

Na ndani, wakati huohuo, Shangazi anafunua sufuria kubwa. Mvuke unapanda. Akawaona wageni mlangoni, na kwa ukarimu wake usioombwa akawakaribisha wote, akasema wasiogope, leo chakula ni kingi, kimekesha kinachemka.

Mwenyekiti alifika kwenye sufuria kabla ya askari. Maharage. Askari akakoroga mpaka chini kwa mwiko. Maharage. Wakatafuta kwenye friji, chini ya kitanda, ndani ya pipa la maji. Nikawaambia wafungue na chupa za soda, huenda yumo kwenye ya machungwa! Hawakucheka. Wakakuta beseni, bado lina mchanga, na mawe, na kamba. Askari akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi maishani. Akasema ndivyo wanavyofungwa.

Kumkamata kasa ni kosa kisheria. Kibanda kimezungushiwa utepe. Na Shemeji, kwa sauti ya msibani, akasema hakutegemea kwamba mume wa dada yake angemfanyia hivyo mama wa watu aliyekuja kuzaa.

Jumamosi, 8 Machi

Biashara imefungwa. Mke wangu amenikalisha jikoni, ameuliza kasa yuko wapi. Nikamwambia. Akatoka, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akicheka huku amejishikiza ukutani. Ndoa hii!

Akarudi amejifuta macho. Alisema nina mambo mawili ya kuchagua. Nifungwe kwa ajili ya kasa asiyekuwepo, au niseme mbele ya watu kwamba kasa ni mimi. Nikasema nifungwe. Mwanamume ana heshima yake.

Shangazi akasema sawa, mwanangu, ila chakula cha gerezani asitegemewe yeye kukipeleka. Miguu yake haiwezi ule mlima. Nimelifikiria hilo mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao kimefanyika ufukoni. Sijui nani aliwaita watu. Najua nani aliwaita watu. Viti vyake vyote vilikuwa vimekodiwa!

Nikasimama, nikasema: kasa ni mimi. Mwenyekiti akanionya nisifanye mzaha na chombo cha umma. Nikasema ni kweli, kasa ni mimi. Askari akasema watuhumiwa wengi huchanganyikiwa. Fikiria! Mtu unatetea uongo wako mwenyewe na hakuna anayekuamini.

Nikaomba picha za Afisa. Nikawaonyesha: ndani ya kila alama ya pezi kuna vinyota vidogo, na katikati namba arobaini na tatu. Nikavua ndara, nikainua nyayo zake juu watu wote waone. Kasa gani anavaa arobaini na tatu? Afisa akasema huenda nilimkanyagia alama baada ya kumkamata. Akasema kama ni mimi, basi nifanye.

Nikafanya.

Beseni, mawe, kamba, ndara mikononi. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya vikao. Akina mama wa kwaya walianza kupiga makofi ya mwendo, mmoja akaweka wimbo. Katikati ya njia kamba iliteleza, na suruali ikafuatana nayo. Sikusimama. Mtu mwingine angesimama. Mimi nilitambaa mpaka ngazini, nimeshika suruali kwa mkono mmoja, na alama za upande huo zikaharibika kidogo, ndipo Mwenyekiti akasema alikuwa nyuma ya mwavuli, hakuona, akaomba nirudie.

Nikarudia.

Afisa alilinganisha alama na picha. Akavua kofia. Akasema ni zilezile. Sikumla kasa, kwa sababu kasa hakuwepo. Utepe ukaondolewa palepale. Nimeshinda kesi! Lakini hakuna aliyenipongeza, isipokuwa Kinyozi, ambaye alisema sasa nikatwe nywele bure, maana zilikuwa zimejaa mchanga.

Shemeji alirekodi yote kwenye simu.

Jumatano, 12 Machi

Afisa amekuja mwenyewe kuleta uamuzi. Alisimama kwenye ngazi, hakutaka kuketi, hakutaka chai.

Njia inakwenda kwa Shemeji. Mafundi wataanza mwezi wa sita. Mpaka wakati huo mlango haujafungwa: akipanda kasa kutaga upande wowote, na wenyeji wakalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, njia itahamishiwa huko. Ndivyo mkataba wa fedha unavyosema. Kisha akanikazia macho. Akasema kasa wa kweli. Akarudia neno hilo mara tatu, kana kwamba mimi ni mzito wa kusikia. Akisikia kasa mwingine wa uongo mbele ya kibanda changu, leseni imekwenda na kibanda kinavunjwa.

Sikuomba radhi. Niombe radhi kwa nani? Bahari ndiyo iliyoshindwa kuleta kasa, mimi nilijaribu kuisaidia.

Alipoondoka niliketi peke yangu. Nasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliumia. Kibanda hiki nilikijenga kwa mikono hii, ubao mmoja mmoja, mwaka aliozaliwa binti yetu. Chai ya kwanza alikunywa mke wangu, akasema ina moshi, akaimaliza. Mwaka kesho watu watapita kule kwenye mbao mpya, na mimi nitakuwa nachemsha maji ya kunywa mwenyewe.

Nje watoto wanaita: Mzee Kasa! Mzee Kasa! Mke wangu amesema tena niende kwa kaka yake tufanye ubia mmoja. Nimemwambia labda wanizike kwanza, na jeneza liwe lile beseni.

Jumamosi, 15 Machi

Amethubutu! Amethubutu, kidevu yule!

Nimeamka mapema kufungua kibanda. Nini hiki mbele ya ngazi yangu? Alama za kasa! Kutoka baharini mpaka kwangu. Na kushuka pia, mstari wa pili, pembeni ya wa kwanza. Amejifunza kutokana na makosa yangu, mwizi wa fikra! Mapezi yamelingana kila upande, hakuna kinyota, hakuna namba. Sijui amevaa nini mikononi. Na hakuishia hapo. Amechimba shimo pana, akalifukia vibaya, mchanga ameurusha mpaka kwenye ngazi, mpaka kwenye kioo cha dirisha. Utafikiri ng'ombe amegaragara. Mtu anatia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Mpango wake niliuelewa mara moja. Afisa apite, aone, aseme Mzee Kasa karudia, leseni iende, kibanda kivunjwe. Safi sana. Ila amekutana na nani?

Nimechukua reki. Nimesawazisha kutoka ngazini mpaka kwenye maji, kisha kutoka kwenye maji mpaka ngazini. Nimefagia ngazi. Nimefuta kioo. Mchanga ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Nusu saa baadaye nani anapita? Afisa, na kofia yake! Anakagua ufuko kila Jumamosi msimu huu. Ametazama mchanga wangu. Ameuliza kama nimeona chochote. Nikasema sijaona kitu, mama, mimi na kasa tumeachana.

Alionekana kama mtu aliyetegemea jambo fulani. Akasema basi, akaenda zake.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Moja kwa sifuri, Shemeji!

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu ametoka kumwona kaka yake. Anasema yuko kitandani tangu Alhamisi. Alikuwa anawaigizia akina mama wa kwaya jinsi nilivyotambaa, mgongo ukakwama, wakambeba watu wanne mpaka nyumbani. Hawezi hata kugeuka bila kulia.

Nimefurahi. Nisiseme uongo, nimefurahi. Kisha nikafikiri: kama Alhamisi alikuwa kitandani, Jumamosi alitambaaje?

Jibu ni rahisi. Ametuma mtu. Mwalimu wa kuogelea! Ana mabega yale, na anatembea na mapezi ya mpira. Kila kitu kinaeleweka sasa.

Mchana nimeamua kusimamisha bango langu, kubwa kuliko lake. Picha yangu bado haijatoka, lakini nguzo ninayo. Nimechimba mbele ya ngazi, palepale pa lile shimo lao, maana mchanga ulikuwa umeshalainika. Mkono umezama mpaka kwenye bega. Nikagusa kitu. Nikafukua kidogo.

Mipira ya mezani!

Wamezika mipira ya mezani mbele ya kibanda changu! Mingi, mamia, imepangwa mmoja juu ya mwenzake, myeupe. Ya bei rahisi hata hivyo. Nimeubonyeza mmoja kidogo, unabonyea, mpira ule haudundi hata ukiuomba. Mpaka wapi chuki hii? Mtu anaingia dukani, ananunua mipira mamia, anatuma mtu aizike, ili mimi nionekane sijui nini. Hata sielewi shtaka lingekuwa lipi. Lakini ushahidi ni ushahidi. Nimeurudisha ule mmoja mahali pake, nimefukia yote kama nilivyoikuta, nguzo nimeitupa kando. Atakayekuja kuifukua nitamkamata mkono ukiwa mchangani.

Kwa hiyo nimeleta kiti. Nimekiweka pembeni ya shimo, reki magotini. Mbwa wawili walikuja kunusa, nimewafukuza mpaka barabarani. Mtu mmoja akataka kuchomeka mwavuli hapohapo, nimemwambia atafute ufuko mwingine. Kinyozi amepita akataka kuweka miguu. Nimemnyima hata yeye.

Jioni mke wangu akaja kuniuliza nimekalia nini. Nikamfukulia kidogo, aone ukatili wa kaka yake. Aliinama. Akatazama. Akaweka mkono mdomoni, vilevile kama Afisa siku ile. Nilifikiri ataanza kucheka. Hakucheka. Alinisaidia kufukia, taratibu, kwa viganja. Akaingia ndani, akaniletea chai na blanketi, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa kasa. Akaniuliza kama kweli naweza kukaa hapa bila kubanduka, siku zote, jua na mvua.

Nikamwambia hata miezi miwili. Shemeji akitaka mipira yake aje na mgongo wake huohuo aichukue. Mimi hapa sitoki.

Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka kwa haraka kuelekea ofisi ya Afisa. Amekwenda kumshtaki kaka yake. Baada ya miaka kumi na tisa, hatimaye mke wangu yuko upande wangu.